Laisini kwenye chakula cha kuku wa mayai: si homoni, si dawa, na haipimwi kwa kijiko

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kuku wa mayai 300, wale wa kahawia, sasa wana wiki 38. Chakula nachanganya mwenyewe. Zamani kwenye kilo 100 nilikuwa naweka mahindi ya kuparaza kilo 50, pumba za mahindi 12, mashudu ya alizeti 19, dagaa 8, chokaa 8, unga wa mifupa 2, na kilo moja iliyobaki ni premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi. Dagaa walipopanda bei nikawaondoa kabisa, nikapandisha mashudu hadi kilo 27. Tangu hapo, ndani ya wiki tatu hivi, nimeshuka polepole kutoka trei 8 kwa siku hadi trei 6, na mayai yamekuwa madogo. Kuku hawaumwi na wanakula vizuri. Muuzaji wa pembejeo akaniambia ninunue laisini na methionini. Akanipimia kilo moja moja kutoka kwenye mifuko mikubwa, akanifungia bila maandishi yoyote. Kila asubuhi naweka vijiko viwili vikubwa vya kila moja kwenye maji ya kunywa, lakini sijaona mabadiliko. Methionini ina harufu mbaya kama ya kabichi iliyooza. Mume wangu alipokuwa anaimimina laisini alipiga chafya mfululizo na macho yakamwasha. Jirani anasema hizo ni homoni za kukuzia kuku na kwamba tukila mayai tutadhurika. Mwingine ananishauri niweke urea kidogo kwa kuwa nayo ni protini na ni rahisi. Nina watoto wadogo na haya mayai wanayala. Nifanye nini?"

Dada yangu, nianze na yasiyoweza kusubiri. Urea usiiweke, hata kijiko kimoja. Mayai waendelee kula watoto, maana laisini na methionini hazina madhara yoyote yanayopitia kwenye yai. Na hayo maji yenye unga acha kuwapa kuanzia kesho asubuhi. Baada ya hapo tuzungumze polepole, kwa sababu umefanya jambo moja ambalo wengi wanaoniuliza hawalifanyi: umenipa vipimo kamili vya mchanganyiko wako, wa zamani na wa sasa. Vipimo hivyo vinaeleza karibu kila kitu kilichotokea bandani.

Hofu ya jirani naielewa, kwani unga mweupe usio na jina unaomiminwa kwenye chakula cha kuku humtia mtu yeyote wasiwasi. Lakini laisini ni asidi amino, yaani kimojawapo cha viungo 20 ambavyo mwili huviunganisha kutengeneza protini. Iko kwenye dagaa, kwenye maharage, kwenye maziwa, kwenye nyama ya mwili wako na kwenye yai lenyewe. Mkemia Mjerumani Edmund Drechsel aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1889 kutoka protini ya maziwa. Homoni hufanya kazi tofauti kabisa: ni ishara inayotoka kwenye tezi kwenda kuamrisha viungo vingine vifanye jambo fulani. Laisini haiamrishi chochote. Inaliwa, inameng'enywa, inajengwa.

Huo unga nao hutengenezwa kwa uchachishaji. Bakteria waitwao Corynebacterium glutamicum, waliogunduliwa Japani katika miaka ya 1950 na timu ya Shukuo Kinoshita, hulishwa sukari ya molasi au ya wanga wa mahindi kwenye matangi makubwa, nao hutoa laisini, ambayo husafishwa na kukaushwa. Ikishafika kwenye damu ya kuku, hakuna awezaye kuitofautisha na laisini iliyotoka kwa dagaa wa Ziwa Viktoria. Ndiyo maana haina kipindi cha kusubiri kabla ya kuuza mayai kama ilivyo kwa dawa za antibiotiki.

Kuna jambo jingine la kuwatuliza watoto na jirani pia. Muundo wa protini za yai umeandikwa kwenye jeni za kuku. Ukimpa laisini nyingi, hatataga yai lililojaa laisini. Ukimnyima, hatataga yai lisilo na laisini. Atakachofanya ni kutaga yai dogo zaidi, kisha kuruka siku. Yai moja la kawaida lina takriban miligramu 450 za laisini, na kuku hawezi kuzitunga mwenyewe kutoka kitu kingine, lazima azile. Kuku wako walipokosa hizo miligramu, walifanya walichoweza: wakapunguza ukubwa wa yai na idadi.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Mwili hautengenezi protini kwa kuangalia wingi wa jumla. Kila protini ina mpangilio wake maalumu, asidi amino hii ikifuatiwa na ile, na mpangilio haubadilishwi kwa sababu moja imepungua. Fikiria mama anayesuka mkeka wa mapambo. Miyaa nyeupe anayo tele, ya kijani anayo, lakini nyekundu imekwisha. Ua lililoanza haliwezi kuendelea, hata umletee mzigo mzima wa miyaa nyeupe. Katika chakula kinachotegemea mahindi na mashudu ya alizeti, miyaa nyekundu ndiyo laisini.

Na zile asidi amino zilizobaki bila kazi? Mwili hauna ghala la kuziweka. Unazivunja, unatoa naitrojeni yake, unaigeuza kuwa asidi ya yuriki, ile sehemu nyeupe unayoiona juu ya kinyesi cha kuku. Kazi hiyo inakula nishati ambayo ingekwenda kwenye yai. Kinyesi kinaongezeka, maranda yanaloa, na bakteria wa kwenye maranda wanaigeuza asidi hiyo kuwa amonia inayokuchoma macho ukiingia bandani alfajiri. Kwa hiyo mtu anayeongeza mashudu na mashudu ili "kupandisha protini" mara nyingi analipia protini inayoishia sakafuni.

Sasa tuhesabu chakula chako. Nitatumia viwango vya kawaida vya laisini: mahindi yana karibu asilimia 0.25, pumba za mahindi 0.4, mashudu yetu ya alizeti yenye maganda kama asilimia 1, na dagaa wakavu walio safi karibu 4.3. Kwenye mchanganyiko wako wa zamani, mahindi yalitoa gramu 125 za laisini, pumba 48, mashudu 190 na dagaa 344. Jumla gramu 707 kwenye kilo 100. Jedwali la Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani la mwaka 1994, ambalo bado tunalitumia kama msingi, linasema kuku wa mayai ya kahawia anayekula gramu 110 kwa siku anahitaji miligramu 760 za laisini, yaani karibu gramu 690 kwenye kilo 100 za chakula. Ulikuwa umepatia, tena bila kikokotoo.

Kisha ukaondoa dagaa. Mahindi bado 125, pumba 48, mashudu sasa 270. Jumla gramu 443. Umepoteza zaidi ya theluthi moja ya laisini kwa siku moja, ilhali kwa macho chakula kinaonekana kilekile na kuku wanakula vizuri kama kawaida. Trei zako mbili zimeishia hapo.

Pengo ni gramu 247 kwa kila kilo 100. Kuku 300 wakila gramu 110 kila mmoja wanamaliza kilo 33 kwa siku, hivyo wanakosa kama gramu 82 za laisini kila siku. Laisini inayouzwa kwa wingi madukani ni haidrokloridi ya laisini, ambayo ndani yake ina laisini halisi karibu asilimia 79. Iliyobaki sehemu kubwa ni asidi ya haidrokloriki iliyofungamana nayo. Kuziba pengo lako kungehitaji gramu 104 hivi za unga kwa siku. Vijiko viwili vikubwa ni gramu 20 hadi 25. Hujaona mabadiliko kwa sababu umeziba chini ya robo ya shimo.

Methionini ni habari nyingine. Ni asidi amino yenye salfa, na hiyo harufu ya kabichi iliyooza ndiyo salfa yenyewe, si dalili kwamba imeharibika. Alizeti ina methionini nzuri kuliko soya, kwa hiyo upungufu wako upande huu ni mdogo: ukihesabu methionini pamoja na dada yake sisteini, unakosa kama gramu 65 kwa kilo 100. Wengi huambiwa madukani waweke laisini na methionini kwa kipimo sawa, kana kwamba ni chumvi na pilipili. Mtu anayelisha soya kwa wingi huanza kuishiwa methionini. Wewe unayelisha alizeti unaanza kuishiwa laisini. Kipimo kinatokana na kilichomo kwenye chakula chako, na jirani yako mwenye mchanganyiko tofauti hawezi kukuazima chake.

Kuhusu kuweka kwenye maji, nina sababu tatu za kukukataza. Kwanza, kiasi cha maji anachokunywa kuku kinafuata jua. Siku ya joto kali anakunywa sana na kula kidogo, siku ya mvua kinyume chake, na wewe huna njia ya kujua kila mmoja amepata nini. Pili, laisini huyeyuka haraka sana kwenye maji lakini methionini huyeyuka polepole, chembe zake huelea juu au hubaki pembeni mwa chombo, na maji yenye asidi amino ni karamu kwa bakteria. Baada ya siku chache utagusa utelezi ndani ya vyombo vya kunyweshea. Tatu, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: kama unatibu maji ya kuku kwa klorini, kundi la amino la laisini, yaani sehemu yake yenye naitrojeni, huikamata klorini na kutengeneza kloramini, ambazo nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo. Unadhani umewapa maji salama, kumbe umeiua klorini kabla haijaanza kazi. Laisini mahali pake ni ndani ya chakula.

Urea nimeikataza kwa ukali na ni haki yako kujua kwa nini. Ina naitrojeni asilimia 46, na kipimo cha kawaida cha protini ghafi maabara hupima naitrojeni kisha kuzidisha kwa 6.25. Kwa hesabu hiyo urea inaonekana kama "protini" asilimia 287. Ni hesabu tupu. Ng'ombe na mbuzi wana vijidudu kwenye tumbo la kwanza vinavyoweza kutumia naitrojeni ya urea kujenga protini, na hata wao huwaua ikizidi. Kuku hana tumbo hilo. Urea kwake ni sumu inayopita mwilini bila kumpa asidi amino hata moja. Udhaifu huohuo wa kipimo cha naitrojeni ndio uliotumiwa na waliotia melamini kwenye maziwa ya watoto nchini China mwaka 2008. Mtu akikuuzia chochote akikutajia asilimia ya protini tu, muulize protini hiyo imetokana na nini.

Sasa tufanye nini? Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kubaki na mchanganyiko wako wa sasa na kuongeza gramu 310 za haidrokloridi ya laisini kwa kilo 100. Mayai yatapanda kidogo, lakini sitakudanganya kwamba utarudi kwenye trei 8. Ulipoondoa dagaa, protini kwa jumla ilishuka kutoka karibu asilimia 15 hadi chini kidogo ya 13. Ukiziba pengo la laisini, asidi amino inayofuata, pengine isolusini au triptofani, inakuwa ndiyo inayokwamisha. Laisini inaziba upungufu mmoja. Haiwezi kuwa mbadala wa dagaa peke yake, na muuzaji aliyekwambia hivyo amekuuzia nusu ya jibu.

Njia ninayoipendekeza ni ya katikati. Mahindi ya kuparaza kilo 50, pumba 8, mashudu ya alizeti 22, soya iliyokaangwa na kusagwa 6, dagaa 3, chokaa 8, mifupa 2, premiksi na chumvi kilo 1. Hapo laisini inafika karibu gramu 640, na protini inarudi kukaribia asilimia 15. Pengo linalobaki ni dogo: gramu 70 za haidrokloridi ya laisini na gramu 20 hadi 30 za methionini kwa kilo 100 zinatosha. Kilo moja uliyonunua itachanganya zaidi ya tani moja ya chakula. Linganisha bei za sokoni kwako kabla ya kuamua. Kama soya kwenu ni ghali kuliko dagaa, rudisha dagaa kilo 5 na upunguze soya, kisha uhesabu upya kwa njia ileile. Na dagaa wakague kwa mkono: wanaoanikwa chini hubeba mchanga, na kilo ya dagaa wenye mchanga robo ni robo tatu tu ya kilo uliyolipia.

Nikae kidogo kwenye suala la moto, kwa sababu hapa laisini huibwa bila mtu kujua. Molekuli ya laisini ina kundi la pili la amino lililo mwisho wa mkia wake, na mkia huo hubaki wazi hata laisini ikiwa ndani ya protini. Joto likiwa kali na sukari ikiwapo karibu, kundi hilo hushikana na sukari, ndiyo ile rangi ya kahawia na harufu tamu ya kitu kilichokaangwa. Laisini iliyoshikana hivyo kuku hawezi kuitumia. Mabaya zaidi, kipimo cha protini ghafi hakioni tofauti, kwani naitrojeni bado ipo palepale. Kwa hiyo soya iliyoungua, mashudu yaliyotoka mashineni yakiwa meusi, dagaa waliobabuka kwenye moto, vyote vina protini ya kuandikwa kwenye karatasi na laisini pungufu. Samaki waliokaushwa kwa joto kali mno huweza hata kuzalisha kitu kiitwacho gizerosini, kinachotokana na laisini kuungana na histamini, ambacho huchubua firigisi za kuku.

Lakini soya mbichi nayo usithubutu. Ina vizuizi vinavyozima kimeng'enya cha tripsini, na kuku akiila anashindwa kuchakata protini yote, ya soya na ya vyakula vingine. Kaanga kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuacha, hadi maganda yapasuke na punje ziwe na rangi ya dhahabu hafifu, kisha epua mara moja na uitandaze ipoe. Ukiogopa kuunguza, chemsha dakika 30 kuanzia maji yanapotokota, mwaga maji, anika mpaka ikauke kabisa, ndipo usage. Kuchemsha ni kazi zaidi lakini kuna usalama zaidi kwa laisini.

Usiwaze kwamba ukizidisha laisini utapata mayai zaidi. Laisini nyingi kupita kiasi huongeza nguvu ya kimeng'enya cha aginasi kwenye figo za kuku, nacho huivunja aginini, asidi amino nyingine ambayo ndege hawawezi kujitengenezea. Utakuwa umeziba tundu moja na kutoboa jingine. Mashudu ya alizeti yana aginini kwa wingi, hivyo wewe uko mbali na hatari hiyo, ila mtu anayelisha mahindi mengi na laisini kwa makadirio ya macho anaweza kufika huko. Methionini ndiyo ya kuogopwa zaidi ikizidi. Miongoni mwa asidi amino zote, ndiyo inayodumaza kuku upesi ikipitiliza kipimo.

Kwa hiyo nunua mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, ile inayosoma gramu moja moja. Pima unga wako, uchanganye kwanza na kilo moja ya pumba laini hadi usione tena weupe. Mchanganyiko huo uuchanganye na kilo 10 za mahindi yaliyosagwa, ndipo umwage juu ya rundo lote na kuligeuza kwa koleo kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara nne au tano. Ukimwaga gramu 70 moja kwa moja juu ya kilo 100, kuku wachache watazipata zote na wengine hawatapata kitu.

Sasa mume wako. Alichopata ni kero ya vumbi. Haidrokloridi ya laisini ina uasidi mdogo ikikutana na unyevu, na unga wowote laini kama huu ukiingia puani na machoni huwasha. Sumu yake kwa mdomo ni ndogo mno, lakini mapafu hayakuumbwa kupokea unga, hasa unaotokana na uchachishaji, ambao unaweza kubeba mabaki ya bakteria. Mimineni nje au dirishani, upepo ukiwa nyuma yenu, mdomo wa mfuko ukiwa karibu na chombo badala ya kumwaga kutoka juu. Vaeni barakoa nzuri na miwani ya kukinga. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, usisugue. Anayeugua pumu asifanye kazi hii kabisa. Ukimwagika sakafuni, uzoe ukiwa mkavu kwanza, maana ukimwagia maji sakafu inateleza. Usipulizie dawa ya klorini juu ya unga uliomwagika, kwa sababu gesi ya kloramini inayotoka inachoma koo. Na mtu akikuletea methionini ya maji, ile ya kimiminika kwenye dumu, ikatae. Ni asidi kali ya kushughulikiwa viwandani kwa vifaa maalumu, inaunguza ngozi na macho.

Unga wako uhamishie leo kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, uandike jina kwa herufi kubwa pamoja na tarehe. Laisini nyeupe kwenye mfuko usio na maandishi inafanana na sukari na chumvi, na nyumba ina watoto. Iweke pakavu, mbali na dawa za panya na mbali na kloridi ya kolini, kirutubisho kingine cha kuku ambacho hunyonya unyevu kwa kasi. Laisini ikishika mabonge haijaoza, yaponde, utumie. Ikibadilika rangi kuwa kahawia au kuota ukungu, tupa.

Kutokuwa na maandishi kunanitatiza zaidi ya jambo lolote ulilonieleza. Sokoni kuna laisini ya namna mbili: haidrokloridi, punje nyeupe au zenye umanjano kidogo, na salfeti ya laisini, punje za rangi ya kahawia, ambayo laisini yake ni karibu asilimia 55. Kama uliyo nayo ni salfeti, zile gramu 70 zinakuwa 100. Rudi dukani, omba kuuona mfuko wa awali, usome jina, asilimia na tarehe ya mwisho, upige picha. Nyumbani unaweza kufanya majaribio madogo. Kijiko cha chai cha haidrokloridi ya laisini kwenye glasi ya maji huyeyuka chote na maji kubaki maangavu. Kikibaki kitu cheupe chini, dondoshea ndimu; kikitoa povu ni chokaa. Kipande kidogo cha unga kikiguswa na tone la ayodini na kugeuka buluu nyeusi, umeuziwa wanga. Majaribio haya hukamata udanganyifu wa wazi tu, hayathibitishi usafi. Ukitaka uhakika, peleka sampuli ya unga na ya chakula chako kwenye maabara, kwa mfano Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro au Wakala wa Maabara ya Veterinari Temeke. Uliza kwanza kama wanapima asidi amino yenyewe, kwa sababu kipimo cha protini ghafi pekee kitampa alama za juu hata aliyechanganya urea.

Ukianza chakula kipya, usitarajie trei kupanda kesho yake. Kiini cha yai hujengwa kwa siku kadhaa kabla ya kutagwa. Ukubwa wa yai hurudi kwanza, idadi hufuata, na wiki mbili hadi tatu ni muda wa haki. Pima mayai 30 ya asubuhi kila baada ya siku saba, uandike uzito wa trei pamoja na idadi.

Yote niliyoeleza yanasimama kwa sababu kushuka kwako kulikuwa kwa polepole, kuku wanakula, na kulianza baada ya kubadili chakula. Kama utaona mayai yameporomoka ndani ya siku mbili tatu, maganda laini au yenye mikunjo, kukoroma, kinyesi cha kijani, shingo kupinda au vifo, weka mizani pembeni na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana mdondo na magonjwa mengine ya kushusha utagaji hayatibiwi kwa asidi amino. Kama mume wako bado anabanwa kifua, anatoa mlio akipumua, au jicho ni jekundu baada ya siku nzima tangu lioshwe, aende kituo cha afya akiwa na picha ya ule mfuko dukani.